Tulivyosemana kwa Mdomo wa Doudou

Wahusika wa tamthilia waliowahi kuingia Mlali ni wengi, na kila mmoja alipata watu wake wa kumpenda na wa kumsonya. Kama kuna nishani ya kutoa, yangu anaipata Mao Doudou, muuguzi wa Kichina aliyeolewa na mume mmoja akajikuta ana mama wakwe wawili. Huyo binti alituliza nyumba nyingi za kijiji chetu, ya kwangu ikiwemo, na yote hayo aliyafanya bila kuwahi kusikia kwamba kuna mahali panaitwa Mlali, wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, ambako watu wanalima alizeti na karanga na wakitoka shamba wanamjadili yeye.

Kwa ambao hawakumwona: Doudou aliigizwa na Hai Qing, na mumewe Yu Wei akaigizwa na Huang Haibo. Wazazi wa Yu Wei walikuwa wameachana, baba akaoa mke mwingine. Kwa hiyo bibi harusi alipoingia katika ukoo huo alikuta mama aliyezaa na mama aliyeolewa baadaye, wote wakitarajia heshima ya mkwe, na kila wema uliofanywa nyumba moja uliandikwa deni katika nyumba ya pili. Tamthilia ilikuwa na sehemu 36. Redio China Kimataifa iliitia sauti za Kiswahili, ikapewa jina la Mao Doudou na Mama Wakwe Zake, na TBC ikaanza kuirusha mwaka 2011. Machi 2013 Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam, aliitaja tamthilia ya Doudou katika hotuba yake kama mfano wa jinsi Watanzania walivyopata kuona raha na karaha za familia za kawaida za China. Kwetu habari hiyo ilipokewa kwa furaha ya watu ambao ndugu yao ametajwa kwenye mkutano mkubwa. Jirani yangu alisema, "Naye kumbe anamfuatilia!"

Lakini Doudou hakuwa wa kwanza. Bara tulichelewa sana kupata televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwaka 1973, tena ya rangi, sisi huku tukasubiri mpaka 1994 vituo vya watu binafsi vilipoanza, ITV ikiwa mojawapo. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mlali ni safari nyingine, na televisheni iliisafiri kwa miaka. Seti niliyoizoea mimi ilikuwa ya mwenye duka mmoja aliyenunua ungo mkubwa na jenereta. Aliiweka juu ya friji lililokufa, akaifunika kitambaa cha kufuma mchana kutwa, na jioni akaifunua kama anavyofunuliwa bibi harusi. Ukinunua soda unakaa kwenye benchi. Usiponunua unasimama nyuma, na ukiwa mtoto unakaa chini kwenye vumbi mbele kabisa, mahali pazuri kuliko pote.

Hapo tuliwaona Kaole, kikundi kilichotukuzia akina Kanumba, Ray na Johari kabla hawajawa majina ya filamu. Hapo pia, miaka ya 2000, tulihamia kwa moyo wote Afrika Kusini, kwenye mgodi wa Horizon Deep, kwa sababu ITV ilikuwa ikionyesha Isidingo.

Isidingo ilikuwa ya Kiingereza kwa sehemu kubwa, na Kiingereza Mlali kilikuwa cha walimu, mapadri na wachache waliomaliza kidato cha nne. Tatizo hilo lilipata dawa. Kijana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka sekondari akisubiri matokeo alijitolea kusimama pembeni ya seti na kutafsiri. Nchi nzima wakati ule ilikuwa imeshazoea kanda za Lufufu, yule mtafsiri wa filamu aliyeweza kumfanya Mhindi au Mchina atukane kama mtu wa Manzese, na kijana wetu alikuwa mwanafunzi wake mwaminifu. Papa G wa Horizon Deep, yule mzee wa mipango na biashara zake, katika kinywa cha kijana huyu alizungumza kama mzee wa Kigogo aliyekaa chini ya mbuyu na kibuyu cha ujimbi. Alianza kila hoja kwa "Wajukuu zangu". Nilikuja kumsikia Papa G halisi baada ya miaka, nikasikitika. Wetu alikuwa na busara zaidi.

Maoni yangu kuhusu Cherel, yule mbaya wa Isidingo, sijayabadilisha mpaka leo. Nimeona wabaya wengi kwenye tamthilia, wa Mexico, wa Ufilipino, wa Uturuki, na wote wanakosa kitu kimoja alichokuwa nacho Cherel: hakuwa na haraka. Wabaya wengine wanapanga ubaya huku macho yakiwatoka na muziki ukipigwa, mpaka unashangaa mtu anayepangiwa ni kiziwi au vipi. Cherel alikuwa anatabasamu, anamimina kinywaji, anauliza habari za nyumbani. Ukimwona anakuwa mpole namna hiyo ujue kuna mtu hamalizi wiki. Mumewe Barker Haines alikuwa na ubaya wa fedha, ubaya wa kila siku ambao unaweza kukutana nao sokoni. Cherel alikuwa na ubaya wa subira. Michelle Botes, aliyemwigiza, alifariki Desemba 2024, na nilimwombea kama mtu niliyewahi kukaa naye jioni nyingi.

Basi, hapo ndipo tulipoanza tabia ya kugawiana majina. Kuna mnunuzi wa alizeti aliyekuwa akija na lori msimu wa mavuno, anasifia mzigo wako kwanza, anauliza watoto wanaendeleaje, ndipo anakutajia bei ya kukuumiza. Hatukumwita kwa jina lake tena. "Barker kashafika," mtu anasema, na wenye magunia wanajua cha kufanya: wanapakia mzigo kupeleka soko la Kibaigwa badala ya kumsubiri. Alikuja kujua, nadhani, maana siku moja aliuliza ni nani huyo Barker mnayemsema kila nikija. Tukamwambia ni tajiri mmoja wa Afrika Kusini. Akaonekana kuridhika.

Kwa mambo ya nje ya nyumba, Isidingo ilitosha. Tajiri, mlevi, diwani, mtu mwenye maneno mengi, wote walipata wenzao Horizon Deep. Mambo ya ndani hayakupata mtu. Na mambo ya ndani ndiyo yenye kuua.

Sisi Wagogo tuna njia zetu za zamani za kusema jambo gumu bila kuvunja undugu. Bibi anamwambia mjukuu "mume wangu umechelewa wapi", mjukuu anamjibu bibi kwamba meno yake yamebaki mangapi, na wote wanacheka. Binamu anamsema binamu. Shemeji anamsema shemeji. Msibani mtani anaweza kusimama mbele ya jeneza akataja ubahili wa marehemu, watu wakacheka huku machozi yangali mashavuni. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mwaka 1969 akatoa kitabu kizima juu ya ng'ombe na undugu wetu, aliandika pia juu ya utani huu, akaonyesha kwamba haukuwa mchezo wa ovyo: ulikuwa na mipaka yake, nani amtanie nani na nani amche nani. Hakuna Mgogo aliyehitaji kuambiwa hivyo, ila ni vizuri limeandikwa.

Mkwe hayumo katika utani huo. Mkwe ni heshima tupu. Mwanamume anampisha mama mkwe wake njia. Mkamwana anapiga goti, anainamisha macho, anasema "mbukwenyi", anapokea anachoambiwa. Kama una jambo na mama wa mumeo, unalimeza, au unamwambia mumeo naye analimeza, au linapitishwa kwa shangazi, shangazi anaongeza lake, na likifika limeshakuwa jambo jingine. Nilikaa miaka zaidi ya kumi katika ua wa wakwe zangu nikimeza. Mama mkwe wangu naye alikuwa akimeza, kwa maana mkwe mwema hapaswi kuwa na mdomo kwa mke wa mwanawe. Tulikuwa wanawake wawili wenye heshima kubwa na vifua vimejaa.

Ndipo akaja Doudou, akisema Kiswahili.

Hilo la Kiswahili ndilo lililobadilisha kila kitu. Hakuhitajika kijana wa kidato cha nne. Wazee waliokuwa wakiikwepa Isidingo kwa sababu "wanaongea kama ndege" walianza kuletewa viti. Mama mkwe wangu, ambaye kabla ya hapo aliihesabu televisheni kuwa mambo ya walevi, alikuja siku ya kwanza kwa ajili ya kumchukua mjukuu akalale, akasimama mlangoni, akasimama, akasimama, mjukuu akalala mgongoni mwake na yeye bado yupo. Kesho yake alikuja na kigoda chake.

Wachina nadhani waliona wametunga kisa cha pekee, mwanamke mmoja na mama wakwe wawili. Mlali hakuna aliyeshangaa. Mwanamume akiwa na wake wawili, kila mwanawe akioa anamletea mkewe mama wakwe wawili, bi mkubwa na bi mdogo. Jirani yangu wa upande wa kisima alikuwa ameolewa katika nyumba ya namna hiyo, na kwa msimu huo mzima alikuwa mtaalamu wetu. Doudou akiingia nyumba ya mama mdogo na mfuko wa matunda, sote tulimgeukia jirani. "Amekosea," angesema kabla hata ya matokeo. "Alipaswa kupita kwanza kule kwingine, hata kama ni kusalimia tu. Matunda yasionekane njiani." Hakuwahi kukosea. Watu walianza kumfuata nyumbani kwake mchana kumuuliza mambo yao.

Sasa niwaseme mmoja mmoja, maana nimewabeba muda mrefu.

Cao Xinmei, mama mzazi wa Yu Wei, ndiye aliyegawa kijiji. Vijana wa kike walimchukia moja kwa moja. Haridhiki, anasikia lisilosemwa, analia kabla ya kuguswa. Wakati ule nilikuwa upande wa vijana. Lakini nina jambo la kumtetea ambalo nililiona hata wakati ule: Cao alikuwa mtu pekee katika tamthilia nzima aliyekuwa amepoteza kitu na hajalipwa. Mume alikwenda, jina la nyumba likaenda, na heshima ya kuwa mama mwenye nyumba ikagawanywa na mwanamke mwingine. Alichobakiwa nacho ni mwana, naye anaoa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "tulia mama" unamwongezea. Kelele zake zote, kwa sikio langu, zilikuwa ombi moja: niulizeni kabla hamjaamua.

Doudou mwenyewe alikuwa steringi wa aina yangu, kwa sababu hakuwa malaika. Alikuwa na ulimi. Alichoka, akakasirika, akasema ambalo hakupaswa, kisha akarudi na bakuli la chakula. Steringi wa tamthilia nyingi wanalia tu pembeni mpaka Mungu awaone. Doudou alikuwa mwanamke wa kazi. Wauguzi wa kwetu walimpenda kwa hilo: Mlali ina kituo cha watoto wenye ulemavu kinachojulikana mbali, na wauguzi si watu wageni kwetu. Walikuwa wanasema anarudi nyumbani jinsi wao wanavyorudi, miguu imevimba, anakuta watu wamekaa wanasubiri apike.

Wifi yake, Yu Hao, nitampita haraka. Wifi ni wifi.

Ila Yu Wei! Hakuna mwanamume aliyejadiliwa Mlali kama Yu Wei, na nawajumlisha wabunge wa Kongwa. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za maharusi. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Kwa mama yake alisema Doudou ndiye aliyependekeza hiki, kwa Doudou akasema mama ndiye aliyeomba msamaha, na kumbe hakuna aliyependekeza wala aliyeomba. Uongo wake ulikuwa na huruma ndani yake, ndiyo sababu ulikuwa unakera. Wanaume kwenye kijiwe cha bao waligawanyika. Kundi moja lilisema huyu hana msimamo, mwanamume anapaswa kupiga meza. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alisikiliza wiki kadhaa bila kuchangia. Siku alipofungua mdomo alisema: "Huyo ndiye mwanamume pekee humo ndani. Meza ukiipiga inavunjika meza. Wanawake wanabaki walivyo." Mwaka uliofuata ilipokuja tamthilia ya Siri ya Mtungi na yule Cheche wa Bagamoyo, naye mpiga picha, naye mwenye mke mwema na kichwa chepesi, kina mama wa Mlali waliazimia kwamba binti yeyote asiolewe na mwenye kamera.

Mimi nilisimama na baba mkwe, na bado nimesimama hapo. Mwanamume anayedanganya ili kuficha hawara ni mwongo. Mwanamume anayemwambia mama yake kwamba "mke wangu ameniuliza hali yako", wakati mke hakuuliza, anapanda mbegu. Kesho mama atamsalimia mkewe kwa uso mwingine, na mke atauliza kweli. Nimeliona likitokea kwa macho yangu, si kwenye runinga.

Kusemana kwa mdomo wa Doudou kulianzia jikoni kwangu. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, sinia la karanga mapajani, anabangua za mbegu. Alikuwa na namna yake ya kubangua: kidole gumba kinapasua ganda, kidole cha shahada kinazisukuma punje upande, nzima kushoto, zilizovunjika kulia, bila kuangalia. Nilimpakulia mlenda na ugali wa uwele. Akaonja. Akatafuna polepole zaidi ya inavyohitaji mlenda, kitu ambacho hakitafunwi. Kisha akasema, akiliangalia sinia, "Leo Doudou amezidisha magadi."

Nilisimama na mwiko mkononi. Miaka yote ile hakuwahi kunisema chakula. Kama angesema "mkamwana, magadi yamezidi," ningelala na neno hilo wiki nzima na ningemhesabia pamoja na mengine. Lakini aliyezidisha magadi ni Doudou, yuko China huko. Nikasikia mdomo wangu ukijibu, "Labda Cao alimwita mara tatu akiwa anapika."

Baba mkwe aliyekuwa mlangoni akakohoa, na mama akaacha kubangua. Halafu akacheka, kicheko cha tumboni ambacho nilikuwa nimekisikia akicheka na dada zake tu. "Haya," akasema. "Kesho Cao atakaa kimya mpaka chakula kiive."

Na kweli kesho yake alikaa kimya.

Kuanzia hapo tulikuwa na lugha. Mume wangu akimtumia mama yake fedha bila kuniambia, nilisema Yu Wei naye angetaja tu kiasi, Doudou si mchoyo, ila hapendi kuambiwa na jirani. Mama akitaka mjukuu alale kwake, alisema Cao anahisi baridi. Mambo ya miaka kumi yalishuka taratibu, moja baada ya jingine, wala hakuna aliyevunja heshima. Nilikuwa bado napiga goti kila asubuhi. Sikuwahi kumjibu mama mkwe wangu hata mara moja. Aliyemjibu ni Doudou. Na haikuwa nyumba yangu peke yake. Dukani jioni ungesikia watu wakiwasema Wachina kwa ukali wa ajabu, na upande wa pili wa benchi mtu anainamisha kichwa anafikiri. Kila mmoja alijua anayesemwa ni nani, ila hakuna aliyeweza kusema "umenitukana", kwa kuwa angekuwa anakiri kwamba yeye ndiye Cao.

Sharti lake lilikuwa moja: wote tuwe tumeiona sehemu ileile, jana ileile. Doudou asingefanya kazi kama mama mkwe hamjui. Benchi la yule mwenye duka, pamoja na moshi wa jenereta na soda za moto, ndilo lililotupa jamaa wa pamoja wa kuwatupia lawama.

Mabadiliko yalikuja kwa wema, na mimi ni mmoja wa walioyashangilia. Tarehe 31 Januari 2013 mitambo ya analojia ya Dodoma ilizimwa, na neno king'amuzi likaingia kila kinywa. Azam wakaanza kurusha Desemba mwaka huohuo, ungo mdogo, bei ya mtu mwenye magunia machache ya kuuza. Nguzo za umeme zikasogea. Paneli za sola zikaletwa na televisheni zake ndogo za mkopo. Nyumba iliyokuwa na redio ikapata seti, iliyokuwa na seti ikapata mbili. Mwenye duka aliuza jenereta. Sasa hivi kwenye ile sehemu ya benchi pana wakala wa fedha za simu.

Tamthilia za Kiswahili nazo zikaongezeka, na hilo nalipigia makofi mawili. StarTimes mwaka 2016 waliendesha mashindano ya kutafuta Watanzania wa kuingiza sauti, na washindi wakapelekwa Beijing. Azam wakatuletea Waturuki wakisema Kiswahili cha Dar es Salaam, akina Sultan Suleiman na Hurrem. Nimeipenda Sultan, sina ugomvi nayo. Mavazi yale pekee yanatosha. Lakini nilijaribu kumtumia Hurrem kama tulivyomtumia Doudou na hakufaa. Mama yake Sultan, yule Valide, ni mama mkwe hasa, tena mwenye mkamwana mwenye ulimi, kwa hiyo ungedhani mambo yatakwenda. Shida ni kwamba Valide ana askari. Ukimfananisha jirani na mwanamke anayeweza kuamuru mtu anyongwe usiku, umeshamtukana, hata kama unacheka. Cao silaha yake ilikuwa machozi na simu. Cao angeweza kuishi Mlali, akapanga foleni kisimani, akagombania ndoo. Valide huwezi kumpa ndoo.

Na hata kama Hurrem angefaa, ningemsema na nani? Ua wetu una skrini tatu. Mama mkwe wangu, sasa ana umri mkubwa na miguu imechoka, anazo za Kituruki chumbani kwake, sauti juu. Mimi nina taarifa ya habari na michezo ya Kibongo sebuleni. Mkamwana wangu, maana mwanangu ameoa na sasa kiti cha Cao nakikalia mimi, anaangalia vipande vya tamthilia ya Jua Kali kwenye simu, masikio yamezibwa kwa spika, anacheka peke yake jikoni. Nikimuuliza anacheka nini ananionyesha kwa adabu, lakini sijui huyo aliyeko kwenye kipande ni nani, amemfanya nini nani, na bando lina mwisho.

Mwaka jana nyumba ya tatu kutoka kwetu walifikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji. Jambo lenyewe dogo. Kuna mtoto wa miezi mitatu, bibi yake anampa uji mwembamba kama alivyowapa wanawe wote, na mama mtoto ameambiwa kliniki maziwa ya mama tu mpaka miezi sita. Binti hakuweza kumwambia mama mkwe, ni mkwe. Akamrekodia mumewe sauti, mume yuko Dodoma mjini. Ndani ya sauti hiyo aliyamwaga yote, uji, uchafu wa kikombe, na mambo ya tangu harusi. Mume aliichezesha kwa simu ya spika akiwa na mdogo wake, mdogo akaitumia nyumbani, na mama mkwe akaisikia, maneno yakiwa yamevuliwa nguo zote. Mwenyekiti aliwapatanisha kwa namna ya wenyeviti, mkono kwa mkono, na binti akarudi kwao Pandambili na mtoto wake. Mpaka ninapoandika hajarejea.

Nililia, nasema kweli, nikiwa nyumbani kwangu. Wakati wa benchi jambo hilo lingechukua jioni moja. Doudou ni muuguzi! Jirani wa kisimani angeuliza kwa sauti, "Hivi Doudou akikuta Cao anampa mtoto uji atasemaje?" Na muuguzi wa kwetu aliyekaa benchi la pili angetaja hiyo miezi sita akimwambia Cao, na bibi mwenye kikombe cha uji nyumbani angesikia kila neno, akaguna, akaenda nalo. Leo ujumbe wa kliniki ni uleule, watu ni walewale, lakini kati yao hakuna mtu wa kuubeba.

Baada ya hapo nilianza kumsimulia mkamwana wangu Doudou. Sikutafuta kanda wala nini, nilimsimulia tu kwa mdomo, tukichambua karanga za mbegu mlangoni kwa bibi, kwa sababu hapo kuna kivuli saa kumi. Nilimpa Yu Wei sauti yake, Cao kilio chake. Alikuwa anasikiliza kwa adabu ya mkwe siku ya kwanza, siku ya pili spika moja ikatoka sikioni, ya tatu zote mbili. Nilipofika mahali ambapo mama wawili wanagombania heshima ya harusi ileile, akaacha kuchambua.

"Mama," akasema, "mimi namwona huyo Cao ni mpweke tu. Wampe mjukuu alee."

"Hataki kulea. Anataka kuulizwa."

"Aulizwe nini?"

"Kila kitu. Hata kama jibu lake halifuatwi."

Alifikiri, akirusha punje mbovu kwa kuku. "Basi na Doudou naye aulizwe. Kwa mfano, kama anapenda watu wamfungulie kabati lake la vyombo na kulipanga upya."

Kabati la vyombo jikoni kwetu nililipanga mimi, Jumapili iliyotangulia. Nilikuwa natafuta jibu la Cao wakati sauti ya Waturuki chumbani ilipokatika ghafla, na mama mkwe wangu akapaza yake kutoka ndani.

"Huyo anakudanganya, mjukuu wangu! Ameruka walivyokutana, ameruka na mambo ya baba mtu yote. Nileteeni kigoda huko nje. Anza upya, tena safari hii usimtetee Cao."